Ajabu Inamfaa Nani?

Msomaji aliye peke yake hana deni kwa mtu. Kitabu kikimchosha hukifunga na kukirudisha rafuni, na hakuna wa kumwuliza. Hali huwa nyingine kwa yule aliyepewa zamu ya kuchagua kitabu cha duru. Wenzake wanane au kumi watakitafuta, watakinunua au watakiazima, watakaa nacho mwezi mzima usiku baada ya kazi, kisha watakutana mbele ya birika la kahawa na sahani ya kashata wakijadili. Kwa muda huo wote atakuwa amezishughulisha akili zao kwa jambo ambalo wao hawakulichagua. Dhamana hiyo ni ndogo ikilinganishwa na dhamana ya kadhi au ya nahodha, walakini ni dhamana, na wengi huichukua kwa wepesi: huchagua kitabu kwa sababu jalada lake lina ngamia na mwezi mwandamo, au kwa sababu kimesifiwa na watu wa mbali.

Uzito huongezeka pale duru inapovutiwa na aina moja ya riwaya ambayo imeshamiri mno tangu mwanzo wa karne hii, nayo ni riwaya ya ajabu iliyojengwa juu ya historia. Si historia yenyewe, kwani ndani yake mna majini, wachawi, na ramani zinazofungua milango isiyokuwapo. Wala si hekaya tupu, kwani nyuma ya majini hao msomaji hukuta mji uliopo, vita vilivyopiganwa, na watu waliokufa kwelikweli. Mwandishi wa riwaya ya namna hii amekopa kwa maiti. Suali linalostahili kuulizwa kabla ya duru kufungua ukurasa wa kwanza ni kwamba, je, deni hilo linalipwa, na ni nani anayelilipa?

Wako wanaolijibu kwa haraka. Baadhi husema hadithi ni hadithi. Anayetaka ukweli na asome vitabu vya tarehe. Wengine hudai kuwa kumtia jini katika vita vilivyotokea ni kuiharibu historia, hasa mbele ya vijana ambao hawatasoma kingine. Majibu yote mawili yana chembe ya haki, lakini hayamtoshi msomaji wa pwani, kwa sababu fasihi ya pwani yenyewe imelelewa katika mchanganyiko huo. Utenzi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo wa Athumani aliutunga Pate na ambao nakala yake ya kale ina tarehe inayolingana na mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme wa Rum. Vitabu vya Sira vinasema vingine. Mwaka 630 Mtume aliongoza jeshi mpaka Tabuk, jeshi la Rum halikuonekana, mikataba ikafungwa na wenyeji wa sehemu zile, na Waislamu wakarejea Madina bila ya mapambano na Herekali. Vita hivyo vyenye mashujaa, panga na vumbi vimeota katika wino wa mshairi.

Hata hivyo utenzi huo umenakiliwa na kughaniwa kizazi baada ya kizazi na watu walioijua Sira vizuri. Hawakudanganywa. Waliyajua yaliyotokea, na juu ya ujuzi huo wakaukaribisha uzuri wa yale yasiyotokea, kama vile mtu anayejua urefu wa mnazi wake hakasiriki kivuli chake kinaporefuka jioni. Tena wakati wenyewe ulikuwa na maneno yake. Wareno walikuwa wamefukuzwa Mombasa mwaka 1698, na mwaka huo huo wa 1728 wakarejea, wakakaa mpaka 1729 kabla ya kutolewa tena. Msikilizaji wa Pate aliyesikia habari za majeshi ya Rum hakuhitaji kuelezwa kwamba majeshi ya kigeni huvuka bahari. Ajabu ya utenzi ilikuwa na mahali pa kutua.

Abunuwasi ni kesi nyingine kabisa. Mtu huyu alikuwapo. Alikuwa al-Hasan bin Hani, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, na wajuzi wa Kiarabu humhesabu miongoni mwa mabingwa wakubwa wa ushairi wa lugha hiyo. Pwani anajulikana kwa jambo moja tu, nalo ni ujanja. Humshinda sultani kwa maneno, huwazunguka matajiri, hutoka katika kila mtego, na watoto hucheka. Hakuna aliyedhuriwa na kicheko hicho. Lakini mpenzi wa mashairi akikaa akafikiri ataona kwamba hapa pamefanyika unyang'anyi wa ajabu: jina la mshairi limevuka bahari likapokewa kwa heshima, na mashairi yake yameachwa bandarini. Hawa wasikilizaji, tofauti na wale wa Pate, hawakuwa na ujuzi wa chini wa kuulazia ubunifu. Kwao hekaya ndiyo imekuwa mtu mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha anayechagua ni kujua wasomaji wake wanajua nini. Riwaya moja inaweza kuwa halali katika duru hii na ikawa hasara katika duru nyingine, ilhali maneno yake hayakubadilika. Ikiwa hakuna hata mmoja barazani anayeijua historia iliyokopwa, mchaguzi ana wajibu wa kuitafuta kwanza yeye, japo kurasa ishirini, awasomee wenzake kabla ya kuwapa riwaya.

Kipimo hicho hakitoshi, na sababu yake inaonekana katika hekaya moja ambayo kila mtu wa pwani hii angepaswa kuijua. Imo katika Ajaib al-Hind, mkusanyiko wa visa vya mabaharia wa karne ya 10 unaonasibishwa na nahodha Buzurg bin Shahriyar wa Ramhormuz. Jahazi lililotoka Oman, chini ya nahodha Ismailuwayh, lilisukumwa na upepo mwaka 310 wa Hijria, yaani 922, mpaka Sofala katika nchi ya Zanj. Mabaharia walidhani wataliwa. Badala yake mfalme wa nchi aliwapokea, akawalinda, akawaacha wafanye biashara bila ya kuwatoza kitu, na siku ya kuondoka akapanda jahazini pamoja na watu wake kuwaaga. Nahodha akamtazama, akapiga hesabu ya bei yake katika soko la Oman, akaamuru tanga lipandishwe. Mfalme akauzwa.

Miaka ikapita. Jahazi lile lile likasukumwa tena na upepo mpaka pale pale, na mabaharia wakakamatwa na kupelekwa mbele ya mfalme. Alikuwa ni yule yule! Akawasimulia jinsi alivyouzwa, akasoma Kurani Basra, akapelekwa Baghdad, akatoroka akafuatana na mahujaji hadi Makka, kisha Misri, akaupanda mto Nile na kuvuka majangwa mpaka kwao, akakuta kiti chake hakijakaliwa na mtu. Akawasamehe. Akasema kuwa wao ndio waliokuwa sababu ya yeye na watu wake kuupata Uislamu, akawaruhusu waende zao. Ila safari hii hakuwasindikiza jahazini.

Ni hadithi tamu, na msomaji wa mara ya kwanza hufurahi. Aisomaye mara ya pili huanza kujiuliza ni nani aliyeisimulia. Imesimuliwa na nahodha, si na mfalme. Aliyeuza ndiye aliyetuletea msamaha wa aliyeuzwa. Ile ajabu yote, upepo unaorejea mahali pale pale, kiti cha enzi kinachosubiri, safari ya peke yake kutoka Nile hadi nchi ya Zanj, imepangwa ili mtu mmoja alale usingizi, naye ni mwenye hatia. Haiyumkiniki kujua kama mfalme huyo alikuwapo au hakuwapo. Linalojulikana ni kwamba wengi waliouzwa katika bandari zile hawakurejea, na hadithi ya mmoja aliyerejea na kusamehe ni blanketi zito la kuwafunika wale wengine. Lakini haki ya msimulizi nayo itajwe: hakuificha hesabu ya bei. Ameiweka wazi, mbele ya msamaha, na ndiyo inayomkera msomaji mpaka leo. Pengine ndani ya nahodha huyo palikuwa na kitu kisichotaka kufunikwa.

Hapa ndipo kinapopatikana kipimo cha pili, ambacho ni kigumu zaidi. Anayechagua riwaya ya namna hii asiishie kuuliza kama ajabu iliyomo ni kweli au si kweli. Aulize inamfaa nani. Inampa usingizi nani, na inamnyima nani?

Mwaka 2023 Shannon Chakraborty, mwandishi wa Kimarekani, alitoa riwaya yake The Adventures of Amina al-Sirafi, na ni dhahiri kwamba duru yoyote ya visiwani ikitafuta riwaya ya aina hii itaanza kwa kuitazama hiyo. Bahari ni Bahari ya Hindi, karne ni ya 12, na nahodha ni mwanamke wa Kiislamu, haramia mstaafu aliyejitenga na bahari ili amlee binti yake. Mama mmoja tajiri anamjia na donge la fedha: mjukuu wake ametoweka, na inasadikiwa yumo mikononi mwa Mfaranji anayetafuta vitu vya uchawi. Amina anawakusanya tena mabaharia wake wa zamani. Kuna Aden na forodha yake, kuna Mogadishu, kuna Sokotra na mapango yake, na kuna mume ambaye ni afadhali msomaji akutane naye mwenyewe. Mswahili ataiona bahari yake kutoka upande wa kaskazini, kama mtu anayeitazama nyumba yake kutoka barazani kwa jirani.

Ukiipima kwa kipimo kile, riwaya hii inasimama vizuri kuliko nyingi. Katika visa vya mabaharia wa kale wasafiri, wauzaji na wasimulizi karibu wote ni wanaume; mwanamke huonekana akiwa shehena, au jini wa kisiwani, au mke anayesubiri. Chakraborty amezichukua ajabu zile zile, kisiwa kisicho kwenye ramani na mnyama wa baharini, akaziweka mikononi mwa mtu ambaye wasimulizi walimpita. Ajabu inamfaa aliyesahauliwa. Mwishoni ameongeza maneno kuhusu vitabu vya historia ambavyo msomaji anaweza kuvifuata, na hilo ni adabu njema kwa mwandishi aliyekopa.

Lakini duru isilale. Iko ajabu nyingine ndani ya kitabu hicho isiyokuwa na mkia wala mbawa, nayo ni wepesi ambao watu wa makabila na imani mbalimbali huishi nao katika jahazi moja na kutaniana kama watu wa zama hizi. Huenda baadhi ya majahazi yalikuwa hivyo; bahari huwapatanisha watu ambao nchi kavu imewagawa. Ila ajabu hii inamfaa msomaji wa leo, anayependa kuambiwa kwamba wahenga wake walikuwa waungwana zaidi ya walivyokuwa. Basi katika kikao mmoja aulize: wako wapi katika kisa hiki watu waliouzwa, na wanaposemwa, wanasemwa na nani? Swahaba wa mfalme wa Sofala, wale waliopanda naye jahazini kuaga na wakauzwa pamoja naye, hata katika Ajaib al-Hind hawakupewa majina wala safari ya kurudi. (Na theluthi ya mwisho ya riwaya, kusema kweli, ina majini mengi kuliko inavyoweza kubeba. Jahazi likizidi shehena hupunguza mwendo.)

Guy Gavriel Kay wa Kanada alishika njia iliyo kinyume. The Lions of Al-Rassan, iliyotoka mwaka 1995, ni Andalusia ya karne ya 11 iliyovuliwa majina yake. Rasi hiyo ina miezi miwili angani. Watu wa nyota, watu wa jua na watu wa miezi wanakaa katika nafasi za Waislamu, Wakristo na Mayahudi. Rodrigo Belmonte ni kivuli cha Rodrigo Díaz, yule ambaye Wahispania humwita El Cid. Ammar ibn Khairan, mshairi na muuaji, amejengwa juu ya Ibn Ammar, mshairi aliyetoka katika unyonge akawa waziri na sahibu wa al-Mu'tamid, mfalme mshairi wa Seville, kisha akamwasi, na inasimuliwa kuwa aliuawa kwa mkono wa mfalme huyo huyo. Uchawi ndani ya kitabu ni haba mno, ni mtoto mmoja mwenye kuona ya mbali. Kay ameeleza zaidi ya mara moja kwa nini hubadilisha majina: haoni haki ya kumtia mtu aliyeishi mawazo na matamanio ambayo mwandishi ameyabuni. Akibadilisha jina, humkiri msomaji kwamba anabuni.

Hoja hiyo ina heshima ndani yake, na wengi wanaoandika riwaya za historia zenye majina halisi wangefaa kuisikiliza. Pazia likiwa wazi kuwa ni pazia, hakuna aliyedanganywa. Tena Kay hakuitumia ajabu kumwokoa mtu. Toledo ilianguka mwaka 1085, na Al-Rassan nayo inaanguka. Hakuna jini anayekuja kuizuia, na wanaume wawili wanaopendana kwa heshima wanafikishwa mahali ambapo lazima mmoja amuue mwenziwe. Rodrigo wa kweli hakufa kwa upanga wa mshairi. Alifariki Valencia mwaka 1099. Lakini msiba ule wa kubuni unasema jambo ambalo tarehe huzipita haraka, kwamba miji hiyo ilianguka kwa mikono ya watu waliofahamiana.

Pamoja na hayo, kuna kilichopotea, na mpenzi wa mashairi ndiye atakayekiona kwanza. Dini iliyogeuzwa kuwa ya nyota haina sala inayomwamsha mtu alfajiri, haina kitabu, haina kifo chenye hesabu mbele yake. Watu wake wana desturi na chuki. Imani wamebakishiwa rangi tu. Ukimvua al-Mu'tamid Uislamu wake huwezi kuuelewa ule uamuzi wake mchungu wa kuwaita Murabitina kutoka Moroko wamsaidie dhidi ya Alfonso, akijua kuwa huenda wakamla yeye pia. Walimla: mwaka 1091 wakamnyang'anya Seville, wakampeleka uhamishoni Aghmat, akafa huko mwaka 1095, na mashairi aliyoyatunga uhamishoni ni miongoni mwa yanayopendwa zaidi kati ya yote yaliyotungwa Andalusia. Kaburi lake lipo Aghmat hadi leo. Duru inayochagua Kay bila ya kumkumbuka al-Mu'tamid itakuwa imemfanyia kile ambacho barazani amefanyiwa Abunuwasi.

G. Willow Wilson amefanya jambo la tatu. The Bird King, ya mwaka 2019, inaacha majina yote mahali pake: Granada, kasri la Alhamra, sultani wa mwisho, wachunguzi wa imani wa Hispania. Fatima, mjakazi wa sultani, anatoroka pamoja na Hassan, mchora ramani ambaye ramani zake hubadilisha mahali. Granada ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492, na kitabu hakijaribu kulizuia hilo. Ajabu imewekwa upande mmoja tu, katika mlango wa kutorokea wa watu wawili wadogo ambao mikataba ya wafalme haikuwataja. Ni riwaya dhaifu kuliko ya Kay kwa ujenzi, hasa baada ya kufika baharini, lakini katika duru ya Waislamu itazaa mazungumzo marefu zaidi, kwa kuwa Fatima anaomba, anashuku na anakasirika kama mtu mwenye Mungu.

Ama kuhusu Susanna Clarke na Jonathan Strange & Mr Norrell ya mwaka 2004, itoshe kusema kwamba ni kazi bora na kwamba ina kurasa karibu mia nane. Duru ambayo wanachama wake huja kikaoni wakiwa wamesoma nusu isijidanganye.

Suali hugeuka kuwa zito kupita yote mbele ya The Poppy War ya R. F. Kuang, iliyotoka mwaka 2018. Kuang alizaliwa Uchina akakulia Marekani. Nchi yake ya kubuni inaitwa Nikan, adui anaitwa Mugen, na msichana yatima, Rin, anasoma kwa jasho mpaka anaingia katika chuo cha kijeshi, kisha anajifunza kumwita mungu wa moto. Nusu ya kwanza husomeka kama hekaya ya shule. Halafu unakuja mji wa Golyn Niis, na msomaji anaingizwa ndani yake baada ya wauaji kuondoka. Mji huo ni Nanjing. Jeshi la Ujapani liliingia Nanjing tarehe 13 Desemba 1937, na kwa muda wa takriban wiki sita liliua na kunajisi. Mahakama ya Tokyo baada ya vita ilikadiria waliouawa kuwa zaidi ya 200,000, na Uchina husema 300,000. Kuang hakubuni ukatili wake. Aliutoa katika kumbukumbu za walioshuhudia, akabadilisha majina.

Mwishoni Rin analipiza. Anamwita mungu wake na kukichoma kisiwa kizima cha adui, watoto na wazee wakiwa ndani. Msomaji aliyepitishwa Golyn Niis hujikuta, kwa dakika moja, akifurahi. Na dakika ya pili akijiogopa. Je, ajabu hii inamfaa nani? Haimpi usingizi mtenda, haimpi usingizi aliyetendewa, na msomaji ndiye anayenyimwa zaidi. Kwa kipimo cha Sofala, ni ajabu ya haki kuliko ile ya nahodha. Lakini haki ya kitabu si ruhusa ya kukichagua kwa niaba ya wengine. Mchaguzi ajiulize ni nani atakayekuwa barazani. Huenda yuko mwanamke ambaye hakuna ajuaye yaliyompata, na ambaye atazifungua kurasa zile peke yake, usiku, kwa kuwa zamu ya kuchagua ilikuwa ya mtu mwingine.

Kuna njia ya kulipima jambo hili, nayo haihitaji kwenda Uchina. Tuseme mwandishi wa mbali, mwenye kipaji, ametunga riwaya juu ya kisiwa chenye miezi miwili ambacho watu wake hulima zao lenye harufu kali, na usiku mmoja wa Januari serikali inapinduliwa. Majina yote yamebadilishwa. Kuna mchawi upande mmoja na jini upande wa pili. Kitabu kinasifiwa, kinapata tuzo, na duru ya wasomaji katika mji fulani wa Ulaya inakichagua kwa ajili ya mwezi wa Julai, pamoja na biskuti. Katika Unguja, ambako tarehe 12 Januari 1964 ni sikukuu kwa baadhi ya nyumba na ni kimya kwa nyumba nyingine, na ambako mara nyingi nyumba hizo mbili zimeoana, ni nani angekisoma kitabu hicho kwa kicheko? Waliosherehekea wangeuliza kwa nini dhuluma ya kabla yake imetiwa uchawi. Waliozika wangeuliza kwa nini wafu wao wamevikwa nguo za mchezo. Mkuki kwa nguruwe, husemwa, kwa binadamu mchungu. Na kila anayeufurahia ufundi wa Kuang katika Golyn Niis angefaa kwanza ajaribu kukifikiria kisiwa kile cha miezi miwili.

Hata hivyo jaribio hilo halitoi jibu moja. Wapo watakaosema kitabu kama hicho kisiandikwe kamwe. Lakini wapo, na umri wao si mdogo, ambao wangesema kwamba hiyo ndiyo njia ya pekee wangeweza kuzungumza, kwa kuwa katika nchi yenye miezi miwili hakuna jirani wa kununa. Pazia la jina huweza kuwa adabu, kama kwa Kay. Huweza kuwa ukwepaji. Na huweza kuwa kinga. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951, nchi hiyo aliiweka angani, na Karama akashitakiwa huko mbele ya mfalme kwa kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na wasomaji wengi wamekisoma kitabu hicho wakijua ni nchi gani iliyo chini ya mawingu yale. Asingeliweza kuisema kwa jina na akabaki na utulivu wake. Aliyedhulumiwa akijifunika pazia ana haki ambayo mtazamaji wa mbali hanayo, na pengine tofauti hiyo, ya nani aliyefunika na alikuwa anamwogopa nani, ni muhimu kuliko tofauti ya majina ya kweli na ya kubuni ambayo wahakiki hupenda kubishania.

Hapo huzuka upinzani mmoja usiopuuzika. Kipimo cha maumivu kikitumiwa kwa ukali, duru itaishia kusoma vitabu visivyomgusa mtu, na itakufa kwa uchovu. Tena kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: mchaguzi atasingizia huruma kwa wenzake ilhali anakikwepa kitabu ambacho babu yake ndiye adui ndani yake. Hili hutokea mno. Mtu mwenye asili ya Oman hupata sababu kumi za kutosoma habari za Sofala, na mwenye asili ya bara hupata sababu kumi za kutosoma chochote ambacho Mwarabu ndani yake ana huruma. Dawa yake si kura. Kura humpa ushindi mwenye ndugu wengi barazani. Dawa ni mchaguzi kusimama mbele ya wenzake na kusema, kabla hawajakitafuta kitabu, kina nini ndani yake na kwa nini yeye amekitaka. Kisha asiyeweza asikisome, aje kikaoni anywe kahawa yake bila ya kuulizwa.

Yako na mambo madogo, ambayo huonekana madogo mpaka yaharibu kikao. Riwaya zote hizi husomwa kwa Kiingereza. Katika duru nyingi za visiwani nakala huwa moja au mbili, na anayeijua lugha vizuri huwasimulia wenzake sura nzima kwa Kiswahili. Msimulizi huyo ni mfasiri, na ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani. Kuang mwenyewe, katika Babel ya mwaka 2022, aliufanya uchawi wa kitabu kizima utokane na kile kinachopotea neno linapohama kutoka lugha moja hadi nyingine. Wafasiri wake wa Oxford wa miaka ya 1830 huchonga maneno mawili kwenye fedha, na tofauti baina yake huendesha mashine na manowari. Barazani tofauti hiyo haiendeshi manowari. Lakini Ammar akisimuliwa na mtu asiyependa mashairi atatoka muuaji mtupu, na Amina akisimuliwa na mtu mwenye haya atatoka bila ya ulimi wake. Ni vyema msimulizi awe na mwenziwe wa kumkosoa, mwenye kitabu mkononi.

Kwa duru inayoanza, basi, kitabu cha Amina kinafaa kutangulia, na usiku wa kwanza usiwe wa Amina. Uwe wa kisa cha Sofala, ambacho hakizidi kurasa chache na kinasomeka kwa sauti kabla kahawa haijapoa. Andalusia ifuate, Kay na Wilson kwa pamoja ikiwezekana, na mmoja apewe kazi ya kuyatafuta mashairi ya al-Mu'tamid ya Aghmat na kuyafasiri hata kama atafasiri vibaya. Golyn Niis isubiri mpaka watu wawe wamekaa pamoja mwaka mzima na kila mmoja anajua ni nani barazani hunyamaza na kwa nini. Ama kile kisiwa chenye miezi miwili, bado hakijaandikwa.